Isale Liko Dirishani

Woolwich, London
Septemba 1998

Kaka Eliamani,

Shikamoo. Naitanguliza hapa juu peke yake kwa sababu katika barua zangu mbili zilizopita sikuiandika. Niliandika "habari za siku nyingi" kama watu waliogongana stendi, nikasahau kwamba umenizidi miaka miwili na kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kukamua mbuzi bila kupigwa teke.

Mgongo unaendeleaje? Mchungaji wenu alipopita huku mwaka juzi alinieleza kwamba siku hizi unatembea na fimbo, lakini ukifika kwenye mfereji unaitupa. Nilicheka, nikajua ni wewe kweli. Zile mvua kubwa nilizisikia redioni, na wiki nzima nilijiuliza kama banio la kuingizia maji mferejini limesimama au limekwenda na maji. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Nakaa ghorofa ya nne. Lifti inaharibika kila mwezi, ninajua hasa kinachoisumbua, na hawaniruhusu kuigusa. Wananiambia, mzee, umestaafu, pumzika. Kupumzika huku ni kazi ngumu kuliko kuchimba mtaro.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za kwanza hukuzijibu, na sikulaumu. Mimi hubakiza nakala ya kila ninachoandika, ni ugonjwa wa kazi, kwa hiyo juzi nilizitoa nikazisoma upya. Zote mbili zinasema: kama kuna jambo nilikukosea, unisamehe. Nilivyoisoma hiyo "kama" niliona haya peke yangu chumbani. Miaka thelathini na ushei imepita na bado najifanya sijui. Ninajua, kaka. Najua nilichokutenda, najua mahali, na najua nani alikuwepo. Barua hii nimeiandika ili nilitaje jambo lenyewe na nikuombe msamaha kabla mmoja wetu hajatangulia.

Lakini Mama alikuwa akisema mgeni hatui mzigo wake mlangoni, huketi kwanza. Basi niketi kidogo nikupe habari za huku.

Huku mtu anaweza kumaliza wiki bila kuitwa jina lake. Mke wangu alifariki, hilo unalijua, niliandika. Watoto hatukujaliwa. Jumamosi nakwenda sinagogi. Ni jengo dogo, wazee watupu, na kwa desturi yetu sala kubwa haisaliwi mpaka watimie wanaume kumi. Siku nyingi tuko tisa. Hapo mzee wa mlangoni hunipigia simu: "Uko wapi? Njoo, tumekwama." Nakimbia na magoti yangu, naingia, sala inaanza. Sala ikiisha kila mmoja anashika njia yake. Wananihitaji niwe mtu wa kumi, basi. Nimejizoesha kushukuru hata hilo.

Jumanne napanda mabasi mawili mpaka Tooting, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Moshi. Nikiingia tu ananiuliza, "Mzee, leo umekuja kununua au kupiga soga?" Namwambia kupiga soga. "Basi vuta kiti, usiwazibie wateja." Tunazungumza Kiswahili saa nzima, yeye akipima dengu, mimi nikimwambia mizani yake ina kasoro. Kisha nanunua mahindi na mtindi, nakuja kupika loshoro. Haijawahi kutoka kama ya Mama. Mtindi wa huku umepoa mno, hauna ukali, na mahindi ni matamu utadhani yametiwa sukari. Naila hivyo hivyo, nimesimama jikoni, maana kutandika meza kwa ajili ya mtu mmoja naona ni maigizo.

Jirani yangu wa mlango wa pili anaitwa Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, alikimbia vita na binti yake. Anafanya usafi kwenye ofisi za watu, anatoka alfajiri. Yule binti, Furaha, anaelewa kila tunachosema lakini anajibu kwa Kiingereza, na karatasi zote za serikali anazisoma yeye na kumtafsiria mama yake, ilhali ana miaka kumi tu. Nikimwangalia anavyokunja uso akitafuta neno, najiona mimi. Nitakueleza kwa nini.

Mwezi wa sita Mama Furaha alinigongea mlango akiwa na barua mkononi. Amefukuzwa kazi. Maji yalimwagika kwenye jengo, yakaharibu ofisi mbili za chini, na msimamizi wake ameandika kwamba ni yeye aliyeacha bomba la jikoni wazi.

"Baba Yosefu, banasema niliacha robine wazi," akaniambia. "Mi sikuiacha. Nilifunga, nikapanguza, nikazima taa. Lakini banaandika, na mutu hawezi kubishana na karatasi."

Nilimwuliza maji yalianzia wapi, yalikuwa ya moto au ya baridi, dari ililowa upande gani. Alinijibu kila kitu vizuri kuliko mafundi wengi niliowahi kufanya nao kazi. Siku ya kurudisha funguo nikaenda naye, nikajifanya mjomba wake. Mjomba Mzungu wa mtu wa Uvira. Mlinzi alinitazama akachoka, akatuacha. Nilifungua kabati la tanki. Boya la kuzuia maji lilikuwa limekatika shingo, na pale lilipokatikia palikuwa na gundi ya zamani. Maana yake mtu alijua. Lilishakatika kabla, likabandikwa, likanyamaziwa. Lilipokatika tena, ilitafutwa shingo ya kulibebesha, ikapatikana ya Mama Furaha.

Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa mbili na mchoro. Nilifanya kazi ile kwa furaha, nikapiga mistari kwa rula, nikatia vipimo. Baada ya wiki tatu wakamrudisha kazini. Nikanunua keki. Nilidhani tutasherehekea, lakini yeye alikaa na kikombe mkononi bila kunywa.

"Kazi nimepata tena, Mungu asifiwe," alisema. "Lakini ule aliyeandika, mpaka leo ananipita mu koridore sawa vile hanijui. Na alijua, Baba, si ndiyo?"

"Alijua."

"Angekuya tu aniambie, mama, nilijua, niliogopa. Ningemusamehe ile siku." Kisha akaniangalia. "Wewe unaweza fanyia mutu vile?"

Nilimwambia chai inapoa.

Ndiyo hivyo, Eliamani. Nimekula ujana wangu na uzee wangu nikijificha nyuma ya chai inayopoa. Sasa niandike. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini niache niyapange yote kama ripoti, na safari hii iwe ripoti ya kweli.

Kuna jambo ambalo hata Mama hakulijua lote. Tulipokuwa kwenye baridi ile ya Urusi, baba yangu ameshachukuliwa, ilikuja habari kwamba wakimbizi wa Poland, kama sisi, wataruhusiwa kutoka kwa treni na meli mpaka Uajemi. Watu wakapanga foleni kwenye meza ya karani. Ikanong'onwa kwamba Wayahudi, ndio sisi, wanarudishwa. Mama yangu mzazi akanivuta nyuma ya banda, akanifundisha ishara ya msalaba mpaka mkono ukauma. Akaniambia, "Josek, karatasi ndiyo itakayotutoa hapa. Ikisema uongo, iache iseme." Mezani akaandikisha kwamba sisi ni Wakatoliki. Mamangu mdogo, mdogo wake kabisa, aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni ileile, aliandikisha ukweli. Hatukumwona tena.

Simlaumu mama. Uongo ule ulinifikisha Uajemi, ukanipandisha meli mpaka Dar es Salaam, ukanifikisha kambi ya wakimbizi ya Tengeru nikiwa na miaka minane na nywele zimenyolewa kwa sababu ya chawa. Lakini ulinifundisha somo moja ambalo sikulisahau nilipopaswa kulisahau.

Vile vibanda vyetu vya duara vilivyopakwa chokaa unavikumbuka. Mama, mama yako, alikuwa akifua mashuka ya hospitali ya kambi. Mama yangu mzazi alipolazwa kwa homa, Mama ndiye aliyeniona nimekaa mlangoni siku ya tatu bila kula, akanibeba. Nilikuwa mzito kwa umri ule, lakini akanibeba. Nikalala kitanda kimoja na wewe, na usiku wa kwanza ulinipiga kiwiko ukasema navuta blanketi. Nilifurahi kupigwa kiwiko, kwa sababu tangu tutoke kwetu hakuna mtoto aliyenigombeza kama ndugu.

Mama yangu alipojua hatapona aliniita nimtafsirie. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi, kama Furaha leo. Akasema, mwambie mama huyu kwamba mimi si wa msalaba, na wewe si wa msalaba, lakini asiwaambie wazungu wa kambi. Nilitafsiri. Mama akajibu, "Mwambie Mungu anamjua." Walimzika chini ya msalaba kama karatasi ilivyosema. Ila Mama alipanda masale, ile mimea yenu ya majani marefu, pembe nne za kaburi, kama anavyofanyiwa mtu wa nyumbani.

Kambi ilipofungwa nilipelekwa Uingereza na yatima wengine. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Bweni la vitanda vya chuma, mvua, na chakula kisicho na jina. Nikaajiriwa kwenye karakana ya pampu, nikifagia vipande vya chuma, jioni nikaenda shule ya ufundi. Watu walidhani sipendi watu. Sikuwa na lugha ya kuwapendea, hiyo tu. Nilipokuwa kwenye mashine nilikuwa nahesabu nyuzi za skrubu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, kwa sauti ndogo, ili nisikie Kiswahili kikisemwa na mtu. Miaka kumi ilipita hivyo, nikapata cheti cha uhandisi wa maji. Siku niliyoona tangazo kwamba Tanganyika inatafuta wahandisi, niliandika maombi kabla sijavua koti.

Nilivyorudi unakumbuka. Mama alipika kiburu cha kulisha kijiji, na wewe, ambaye ulikuwa umeshakuwa mkuu wa mfereji baada ya Baba, ulipuliza ile pembe ya kuitia watu kazini, ukawaita kwa ajili yangu. Nilijiona nimefika. Nilitaka kuwarudishia kitu kikubwa, nikaona nitawaletea bomba.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza, na lile pekee ningeweza kulisamehe mwenyewe. Nilipima chemchemi mwezi wa tano, masika yakiisha. Ndoo ilijaa kwa sekunde sita. Nikapiga hesabu, nikasema maji yanatosha mfereji na bomba na yatabaki. Mama aliniambia, "Chemchemi hii hulala Januari, Yosefu. Njoo uione imelala ndipo uipime." Nikambusu kichwani nikamwambia, Mama, hesabu hailali. Alicheka. Wewe hukucheka.

Mwezi wa kumi na moja tulifungua bomba, ng'ombe akachinjwa, nikapigwa picha. Januari mabomba yakakauka. Simu zikaanza kutoka juu: wanataka maelezo. Nilikuwa ofisini Arusha. Ilinipasa nipande chemchemini kwa miguu yangu nikaangalie. Sikupanda. Nilishuku nitakachokikuta, ndiyo maana sikupanda. Nilikuwa natembea na hati ya mtu asiye na nchi, na mkataba wa kazi ndio uliokuwa nchi yangu. Nikaona nikikiri kosa watanitoa, na nikitolewa sina pa kwenda. Nikakumbuka meza ya karani. Nikaandika kwamba kipimo ni sahihi, na kwamba maji yanachepushwa na mkuu wa mfereji.

Jina lako sikuliandika, nikajifariji kwa hilo. Kana kwamba mfereji ulikuwa na wakuu kumi.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Ofisa akasoma ripoti yangu mbele ya watu, mbele ya Mama. Mimi nilikaa meza kuu na faili magotini. Ukasimama, hukuwatazama wao, ukanitazama mimi. Uliniuliza kwa sauti ya kawaida, kama unaniuliza kama mbuzi wamerudi: "Yosefu, ni kweli?" Nami nikainamia faili, nikageuza ukurasa. Ukurasa wenyewe ulikuwa mtupu, kaka. Sijawahi kumwambia mtu hilo.

Walikupeleka rumande. Pembe aliyokuachia Baba akapewa mwingine. Siku ya pili yake nilipanda chemchemini peke yangu, na ndoo na saa. Nilihesabu mpaka sekunde ishirini na sita ndipo ndoo ikajaa. Nikaenda kwenye mfereji: lango lako limefungwa, limekandikwa udongo, hakuna tone linalopita. Ulikuwa umeufunga mwenyewe ili bomba langu lipate maji, na migomba yenu ilikuwa inakauka. Nikaandika yote kwenye daftari langu la vipimo, kwa mazoea tu. Kisha nikashuka.

Ulikaa rumande siku tisa. Mbili za kwanza unaweza kusema nilikuwa mjinga. Saba zilizobaki nilikuwa najua. Karatasi moja tu ingekutoa, na kalamu ilikuwa mfukoni mwangu.

Walikuachia kwa kukosa ushahidi, lakini hakuna aliyewaambia watu kwamba hukuiba. Mwaka haukuisha nikaomba kuondoka. Wiki tatu kabla ya safari Mama alikuja Arusha nyumbani kwangu. Hakutaka kuketi. Alitoa ndani ya khanga jani la isale, lile mnalofunga fundo kuombea msamaha, akaliweka mezani, juu ya karatasi zangu. Akasema, "Mpelekee kaka yako. Fundo funga mwenyewe, mimi sikukosa." Akaenda zake.

Nililichomeka ndani ya daftari la vipimo, nikasema kesho. Nikasema hivyo mpaka nikapanda ndege. Mama alipofariki mwaka uliofuata, habari zilinifikia ameshazikwa mwezi mzima. Jani bado ninalo. Limekuwa rangi ya tumbaku na limevunjika vipande vitatu.

Mchungaji alipokuja mwaka juzi aliniletea picha ya kaburi la mama yangu mzazi. Nilitegemea kuona kichaka. Nikaona limepaliwa, masale yamekatwa vizuri pembe zote nne. Nikamwuliza nani analitunza. Akasema, "Si mzee Eliamani? Kila mwaka, kabla ya Krismasi." Nililia mbele ya mchungaji wa watu mpaka akashindwa kunywa soda yake. Ndipo nikakuandikia zile barua mbili za woga. Nilikuomba msamaha kama mtu anayeomba kiberiti.

Wiki ijayo tuna siku ya toba, tunafunga tangu jua kuzama mpaka jua kuzama. Nilimwendea mwalimu wetu wa dini nikamweleza. Akaniambia kwamba makosa ya mtu na Mungu siku hiyo husamehewa, lakini ya mtu na mtu hayasamehewi mpaka umwendee uliyemkosea na ulitaje kosa lako. Umwendee mara tatu. Akikataa mara ya tatu, wewe umefunguliwa. Alilisema hilo la mwisho kunifariji. Lakini mimi sitaki kufunguliwa namna hiyo, kwa kumaliza idadi. Nikifunguliwa na sheria huku wewe hujanifungua, nitabaki nimefunguliwa peke yangu, na upweke ninao wa kutosha.

Jumapili iliyopita nilikuwa sokoni hapa Woolwich na Mama Furaha. Kwenye meza ya muuza maua nikaliona isale. Bichi kabisa, ndani ya chungu cha plastiki, limefungwa utepe mwekundu, wanauza liwe pambo la sebuleni. Muuzaji akaniambia mmea huu haufi, hautaki hata maji mengi. Nikamwambia nalijua. Mama Furaha akaniuliza, "Baba, unalilia maua?" Safari hii sikumwambia chai inapoa. Tulikaa kwenye benchi pale sokoni nikamsimulia yote. Akasogea mbali nami kidogo. Kisha akasema, "Mwandikie. Na umwambie vile ulinieleza, usiongeze sukari."

Nimefanya hivyo. Ndani ya bahasha hii utakuta ukurasa nilioung'oa kwenye daftari la vipimo, wa ile siku ya chemchemi. Kuna sekunde ishirini na sita, kuna tarehe, kuna maneno haya kwa mkono wangu: lango la mfereji limefungwa, hakuna anayechepusha. Chini yake nimeongeza jana, kwa Kiswahili, kwamba ripoti ilikuwa ya uongo na mwongo ni mimi, nikatia sahihi. Ukurasa huo ni wako, ukinisamehe au usiponisamehe. Upeleke kwenye mkutano wa mfereji usomwe, kama bado kuna watu wanaokumbuka. Kama aliyebaki anakumbuka ni mmoja, asomewe huyo mmoja. Sikubakiza nakala.

Nisalimie shemeji, ambaye aliniletea maji ya kunawa siku ile ya mkutano kana kwamba hakuna kilichotokea. Nisalimie Ndeshukurwa, mdogo wetu wa mwisho, na umwambie yule paka wa mbao niliyemchongea namkumbuka, hata kama yeye kamtupa. Mwanao mkubwa, aliye mwalimu, mwambie baba yake mdogo wa London anamsalimu, na ni hiari yake kuipokea salamu. Mchungaji nisalimie, aniwie radhi kwa ile soda. Na ukipita makaburini, kwa Mama na kwa mama yangu, huna haja ya kusema kitu. Simama tu kidogo.

Limebaki isale. Mwanzoni nilitaka kulikata jani, nilifunge fundo, nilitie humu. Nililijaribu hata, unanijua: jani likikaa siku kumi kwenye bahasha bado linakunjika. Lakini kwenu isale lililofungwa halikataliwi, na mimi nilishakuweka mara moja mahali ambapo hukuwa na la kusema mbele ya watu. Sitakuweka tena. Kwa hiyo sikulikata. Liko dirishani, juu ya meza ninayoandikia. Ukiniambia njoo, nitalikata asubuhi hiyohiyo, nitalifunga fundo mwenyewe kama Mama alivyosema, na nitakuja nalo mkononi mpaka uwanja wa shule likiwa bado bichi. Usiponiambia, nitaendelea kulimwagilia maji.

Mdogo wako,
Yosefu